Springi Nyekundu na Mgongo wa Wifi

Wifi yangu ana mgongo wenye madoa kama wa chui, na ukimwonea huruma atakufukuza. Madoa hayo ni ya kazi. Yeye ndiye fundi wa bunduki za rangi kwenye uwanja wa mume wangu, ambaye ni mdogo wake, na kila bunduki anayoibadilisha springi lazima impige yeye kwanza kabla haijampiga mtu aliyelipa kiingilio. Anavaa ovaroli lake la bluu, anashusha barakoa usoni, anakwenda kusimama kwenye kipande cha simiti kilichobaki pale lilipokuwa tangi la maji, anageuka, anasema, "Haya." Yeyote aliye karibu anampiga moja. Anatikisa mabega, anasema "imepita" au "haijapita", na kazi inaendelea.

Wafanyakazi wanamwita Bi Springi. Mimi namwita wifi, na yeye ananiita wifi, na neno hilo tumerushiana miaka mingi, mara kwa utani, mara kama jiwe. Mwanzoni sikumpenda. Siku yake ya kwanza kwangu aliingia jikoni, akafunua sufuria bila kuuliza, akafunika, akasema, "Mh." Ile "mh" ilinikera kuliko tusi. Lakini ninayoyasimulia hapa ni ya baadaye, nilipokuwa nimeshajua kwamba mdomo ule mchungu una mtu wa kweli nyuma yake. Siku hizi akisemwa vibaya mbele yangu, namvaa msemaji mzimamzima.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wazima wenye akili zao timamu wanalipa, wanavaa nguo za kuazima, wanajificha nyuma ya matairi na mapipa, wanapigana kwa bunduki zinazorusha vidonge vya rangi. Vidonge hivyo sisi tunaviita gololi. Gololi ikikupata inapasuka, unapakaa rangi, umetoka. Bunduki haina baruti. Ina mtungi wa gesi. Ndani yake kuna chuma kinachoteleza mbele na nyuma, tunakiita nyundo, na nyuma ya nyundo kuna springi moja ndefu. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma nyundo, nyundo inagonga vali, vali inatema gesi, gololi inakwenda. Springi ikiwa kali, gololi inatoka mbio. Ikichoka, inatoka kivivu na kuanguka njiani. Elimu hiyo yote niliipata kwa kusimama mlangoni pa karakana nikimsubiri wifi aje kula, chakula kikipoa na yeye akisema "nakuja" bila kunyanyua kichwa.

Karakana yenyewe ni kontena lililokatwa dirisha ubavuni. Chini ya dirisha kuna benchi, na juu ya benchi kipande cha kioo kizito kilichotoka kwenye meza iliyovunjika. Springi yoyote, mpya au ya zamani, anaizungusha kwanza juu ya kioo kile. Ikiwa imepinda, inayumba, naye anaitupa bila kuaga. Ikienda sawa, anaichukua na nyingine anayoiamini, anazikutanisha uso kwa uso, anazibana kwa vidole. Iliyochoka inasalimu amri kwanza. Ndivyo anavyozipanga, mbichi na mbichi, legevu kidogo na legevu kidogo, ili timu mbili zikishika bunduki zisipunjane.

Ana mambo yake mawili ambayo habishaniwi. La kwanza, springi haivutwi. Mafundi wengi springi ikichoka huishika kwa koleo mbili wakaivuta irefuke, wakaona wameokoa pesa. Mume wangu aliwahi kuzivuta kadhaa dada yake alipokuwa na homa. Siku hiyo bunduki zilifanya kazi kama mpya, akaja nyumbani kifua mbele. Siku iliyofuata zikaanza kufyatua zenyewe mbilimbili na tatutatu kama zimepagawa. Wifi akatoka kitandani na shuka begani, akaziona, akasema, "Springi iliyovutwa ni mzee aliyepewa kahawa. Atakimbia hadi kona, halafu mtambeba."

La pili, hapimi asubuhi. Tunacho kipima mwendo, kinachoandika namba gololi inapopita juu yake, na kuna kikomo ambacho kila mtu wa kazi hii anakijua, kwa sababu kioo cha barakoa kimetengenezwa kwa kikomo hicho. Ukipita hapo unabahatisha jicho la mtu. Sasa gesi ikipata joto inapata nguvu. Bunduki yenye adabu asubuhi kivulini inaweza kuwa jambazi saa sita juani. Kwa hiyo wifi anapima saa sita, pale penye jua kali, jasho likimtiririka, na baada ya namba ndipo unafuata mgongo. Niliwahi kumuuliza mgongo wa nini kama mashine imeshasema. "Mashine inajua mwendo," akanijibu. "Uchungu inaujua lini?"

Hata kibao cha sheria pale langoni, kilichoandikwa kwa mkono wa mume wangu, sheria yake ya mwisho ililazimishwa na yeye: Mchezaji ana haki ya kuona bunduki yake ikijaribiwa. Mume wangu alinung'unika kwamba nafasi imekwisha. Wifi akamwambia aandike kwa herufi ndogo.

Ufundi huo hakuuokota. Baba mkwe alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na kati ya watoto wake ni huyu binti mkubwa aliyekaa naye chini, akamfundisha kusikia springi ya uzi inapolalamika kabla haijakatika. Mzee alipofariki, wifi alikuwa bado kwa mumewe, ndoa ambayo baadaye aliiacha kwa sababu anazosema ni zake. Huku nyuma mume wangu akauza cherehani zote za dukani kwa baba, moja baada ya nyingine, akanunulia bunduki za kwanza za uwanja. Hakumuuliza dada yake. Wifi aliporudi alikuta duka la baba limepakwa rangi nyingine na mtu mwingine anauza simu ndani yake. Kilichobaki kilikuwa kopo la biskuti la bati ambamo mzee alihifadhi springi na skrubu. Hakupiga kelele. Alilipangusa kopo kwa upindo wa khanga, akasema, "Sawa." Sawa ya wifi yangu ni ndefu kuliko hotuba za watu wengine.

Mume wangu akampa benchi la bunduki. Naamini ilikuwa njia yake ya kuomba radhi bila kufungua mdomo, maana huyo bwana, ninayempenda na kumjua, neno "nisamehe" linamkwama kama mwiba wa samaki. Kila asubuhi anapita kontenani, anasema, "Shikamoo, dada." "Marahaba." Basi. Wameishi hivyo.

Sasa, mambo yalianza siku ilipokuja kampuni moja ya mjini kuwafurahisha wafanyakazi wake. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu, mcheshi, wote wakimwita Mama Meneja. Mchezo haukuwa mchezo, ulikuwa kesi. Gololi zilikuwa zinampiga mtu na kudunda, zinaanguka chini nzima kama zilivyotoka kiwandani.

"Nimekupiga, toka!"

"Umenipiga wapi? Rangi iko wapi?"

"Si hiyo hapo chini inabingirika!"

Mwisho wake Mama Meneja alivua barakoa, akamwambia mume wangu mbele ya watu wake, "Baba, hizi ni bunduki au pampu za baiskeli?" Wakacheka wote. Hata mimi dirishani kwenye tiketi nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini yule mama hakuwa na roho mbaya. Alisema wangerudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi na matawi yao yote, alimradi bunduki ziwe zimekunywa dawa.

Mume wangu hakula vizuri siku hiyo. Kesho yake akaenda mjini, akarudi na pakiti ya springi nyekundu, zile kali kuliko zote zinazouzwa. Akaingia nazo kontenani. Nilikuwa pale na sahani ya wifi mkononi, kwa hiyo sikuhadithiwa, niliona.

"Weka hizi," akasema. Hakumwamkia. Niliona wifi amelitambua hilo kabla ya kuziona springi.

Akachukua moja nyekundu, akaikutanisha na moja yake, akabana. Yake ikafyata papo hapo. Nyekundu haikujali.

"Za nini hizi?"

"Za nguvu. Wateja wanalalamika bunduki zetu zimelegea."

"Bunduki hazijalegea. Gololi zako ndizo mbovu. Ulizibeba kwa mkupuo kwa sababu ziliuzwa bei ya kutupa, ukazifungia stoo chini ya bati. Zimekuwa mpira. Hizo ndizo zinanipiga mgongoni siku hizi, nadhani nakwambia kitu ninachokijua. Gololi ikipasuka imemaliza hasira zake. Isipopasuka, hasira zote zinaingia mwilini."

"Ndiyo maana nataka zitoke kwa nguvu. Zitapasuka."

"Zitapasukia kwenye mbavu za mtoto wa mtu. Fungua gololi mpya."

"Mpya zitafunguliwa za zamani zikiisha."

"Ziishe kwa kuliwa na nani?"

Nikakohoa ili nisicheke. Mume wangu akanikata jicho, kisha akaegemea benchi, akashusha sauti, na mwanamume akishusha sauti hivyo ujue hoja zimemwishia. "Dada, huu uwanja ni wangu."

"Na mgongo ni wangu. Sitauweka mbele ya hizo, na nisichoweza kupigwa nacho mimi simpi mtu mwingine. Siweki."

"Kama huweki, nipe ufunguo."

 Wifi alivua shingoni ule uzi wenye ufunguo wa karakana, akauweka juu ya kioo.  Mimi niliinamisha sahani bila kujua, mchuzi ukanimwagikia. Kisha akachukua kopo la baba kutoka rafu ya juu, na ndani yake zilikuwemo springi zote alizozichambua, zimefungwa mbilimbili kwa uzi.

"Zilizomo humo ni za uwanja," mume wangu akasema.

"Kopo ni la baba. Kama unazitaka zilizomo, njoo uzitoe mkononi mwangu."

Hakwenda. Wifi akapita katikati yetu na kopo lake kwapani, akachukua sahani mikononi mwangu, akasema, "Hiki nakula nyumbani."

Usiku ule nilimwambia mume wangu maneno ambayo nikiyaandika hapa karatasi itaungua. Nilimuuliza kama anajua amefanya nini. Kazi ya pale benchini ndiyo kitu pekee dada yake alichobakiwa nacho kutoka kwa baba yake, ukiacha kopo, na sasa amemnyang'anya urithi mara ya pili. Akasema nisiingilie mambo ya kazini. Nikamuuliza tiketi anauza nani. Akageukia ukutani, akajifanya amelala, na mimi nikavuta shuka lote.

Fundi mpya alifika baada ya siku chache, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, aliyejiita Spidi. Sitamsema vibaya, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye aliingia na kamba yake kwa adabu, akisalimia kila mtu. Mikono ilikuwa myepesi. Alizifungua bunduki zote, akachomeka springi nyekundu huku anaimba. Asubuhi ya Jumamosi yenyewe, umande bado uko kwenye matairi, alizipima nyuma ya kontena, penye kivuli. Namba zikaja chini kidogo ya kikomo.

"Freshi, bosi!" akasema.

Mume wangu akanigeukia dirishani kwangu na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia?"

Nilisikia. Na nilikuwa nimekwenda kwa wifi jioni iliyotangulia. Anakaa chumba kimoja cha uani, mtaa wa pili kutoka kwetu, kitanda, meza, dirisha lenye pazia alilolishona mwenyewe kwa mkono, maana cherehani hana. Kopo lilikuwa mezani. Nilimkuta anazizungusha springi zilezile juu ya sinia, moja moja, kana kwamba zingeweza kuwa zimepinda kwa huzuni. Nikamwambia labda aende akazungumze na mdogo wake, aombe yaishe.

"Niombe msamaha?" akaniuliza. "Kwa kosa gani, wifi? La kukataa kumtoboa mtu jicho? Aliuza mali ya baba, nikasema sawa. Safari hii sisemi sawa. Hata nife njaa humu ndani, sisemi." Macho yalimlowa, akayafuta kwa hasira kama mtu anayefukuza nzi. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tiketi bado ni bei ileile?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu."

Nikamwambia bei. Nikamwambia pia kwamba maboksi ya gololi mpya yako chini ya meza ya ofisi, yamefunikwa gunia. Hilo hakuniuliza. Lilinitoka lenyewe.

Mama Meneja na watu wake walifika kwa mabasi mawili. Kabla hawajamaliza kujaribishana ovaroli na kupigana picha, jua lilikuwa utosini. Spidi akapanga bunduki zote kwenye meza ndefu iliyo wazi, mitungi imeshafungwa, vyuma vinachoma mkono. Mume wangu alikuwa anazunguka akiwapa watu mikono, amevaa shati lake jipya.

Ndipo kivuli kikaziba dirisha langu.

"Tiketi moja," sauti ikasema.

Alikuwa amevaa lile ovaroli la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi, mistari imesimama. Kopo kwapani. Alinyoosha pesa zake kamili, za kuhesabika, kama mtu asiyenijua.

"Wifi," nikamnong'oneza, "utaua mtu leo."

"Nimekuja kuzuia. Niuzie tiketi, nyuma yangu kuna foleni."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nikamkatia. Nikafunga dirisha, nikaweka kibao cha "Nimetoka kidogo", nikamfuata, maana sikuzaliwa mjinga.

Alipita katikati ya wageni moja kwa moja hadi kwenye simiti. Mume wangu alimwona, tabasamu likamganda.

"Dada, tusiaibishane mbele za watu."

"Nani anaaibika? Mimi ni mteja, tiketi hii hapa. Nimechagua bunduki ile ya kwanza mezani. Nataka kuiona ikijaribiwa. Kibao kinasema nina haki, na mwandiko ni wako."

Wageni wakaanza kusogea. Walidhani ni sehemu ya burudani. Mmoja akatoa simu. Spidi, maskini, akaichukua ile bunduki, akatazama mgongo wa mwanamke wa umri wa mama yake, akairudisha mezani. "Bosi, mimi simpigi mtu mzima."

"Sikukwambia wewe, mwanangu," wifi akasema. "Aliyeagiza springi ndiye atakayepiga. Lakini apime kwanza, hapo hapo juani."

Mume wangu angeweza kukataa. Angeweza kucheka, akabadilisha mazungumzo. Ila kila mtu alikuwa anamtazama, na Mama Meneja alikuwa amesogea mpaka mbele akiwa na barakoa kichwani. Mume wangu akaichukua bunduki, akalenga juu ya kipima mwendo, akafyatua. Mlio wake haukuwa ule tuliouzoea. Namba ikawaka. Spidi akainama kuisoma, akapiga kidole kwenye kioo cha mashine kama vile imekosea.

"Asubuhi haikuwa hivi," akasema. "Wallahi, bosi, asubuhi ilikuwa chini."

Mume wangu akapiga ya pili. Namba ikapanda zaidi. Ilikuwa mbali mno juu ya kikomo, na kikomo kimebandikwa pale pale kwa karatasi ya njano, hata asiyejua kusoma angeelewa tofauti.

"Umeona," wifi akasema. Akashusha barakoa. Akageuka, akatupa mgongo. "Sasa nipige."

Upepo ulikuwa umelala. Niliona mistari ya pasi mgongoni mwake na jasho linaanza kuloa katikati. Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa kwamba mume wangu kwa kiburi chake angepiga, na kwamba baada ya hapo nisingeweza kulala naye kitanda kimoja. Aliinua bunduki. Akailaza begani. Wifi hakusogea hata unyayo.

"Unangoja nini? Siku zote nasimama hapa, hujawahi hata kugeuza shingo kuangalia."

Bunduki ikaanza kushuka. Ikashuka taratibu mpaka mdomo wake ukatazama mchanga.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Sema wasikie."

"Siwezi kukupiga na hii, dada."

Wifi akageuka. Akainua barakoa, akanyoosha mkono kuwaonyesha wale watu, wote na ovaroli zao za kuazima, wengine bado wanacheka kwa kutoelewa. "Na hawa je?"

Kicheko kikafa. Mama Meneja akazitazama bunduki mezani, akamtazama mume wangu. "Baba," akasema polepole, "ulitaka kutupiga na hizo?"

Mume wangu aliirudisha bunduki mezani. Katika maisha yangu naye nimemwona amekasirika, amelewa, amefilisika. Sijawahi kumwona amesimama vile, mdogo ndani ya shati lake. Nilimhurumia, na sikusogea kumsaidia. Yalikuwa yake.

Wifi ndiye aliyesogea. "Mama, msiondoke," akamwambia Mama Meneja. "Kaeni pale kivulini, mnywe soda. Huyu bwana analipa. Mkimaliza soda, mtacheza kwa bunduki za watu." Kisha akamnyooshea mdogo wake kiganja. "Ufunguo."

Akautoa mfukoni, bado uko kwenye uzi wake. Wifi akauvaa.

"Na yale maboksi yaliyo chini ya meza ya ofisi."

Mume wangu akanitazama mimi. Mimi nikawa naangalia mawingu, ingawa hayakuwepo.

Walifanya kazi wifi na Spidi, mlango wa kontena wazi. Kifuniko cha nyuma kinafunguliwa, springi nyekundu inatoka, inatupwa kwenye ndoo, ting. Wifi anafungua kopo, anakata uzi, jozi inagawanywa bunduki mbili, moja kwa kila timu, tone la mafuta, kifuniko. Spidi alijaribu kujitetea. "Lakini Bi Springi, nilipima."

"Ulipima wapi?"

"Hapa nyuma. Asubuhi."

"Na wateja wako walikuwa wanakuja kucheza hapa nyuma, asubuhi?"

Spidi akafikiri, akajipiga kofi pajini, akacheka mwenyewe. "Leta nyingine," wifi akasema, naye akaleta. Kabla ya bunduki ya mwisho alikuwa anazibana springi uso kwa uso kama aliyezaliwa benchini, na wifi alikuwa ameshamwita mwanangu mara kadhaa bila kujua.

Wifi alipotoka nje na bunduki ya kwanza, tayari imepita kwenye kipimo na namba imetulia chini ya kikomo, wageni walikuwa wamesimama kuangalia. Kila mtu alitarajia aende kwenye simiti. Nami nilitarajia. Lakini alisimama pale penye mstari wa mpigaji, akavua barakoa yake, akamrushia mume wangu.

"Utaratibu umebadilika," akasema. "Kuanzia leo, anayeagiza ndiye anayesimama."

Mume wangu akaigeuza ile barakoa mikononi. Mama Meneja akaanza kupiga makofi, na watu wake wakamfuata. Mume wangu akaivaa. Akatembea hadi kwenye simiti na shati lake jipya, na kabla ya kugeuka akamtazama dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Geuka."

Gololi ilimpata katikati ya bega na bega, ikapasuka vizuri, rangi ya chungwa ikatanda shatini. Alirukaruka kwa mguu mmoja, akajishika, wageni wakashangilia. "Imepita!" akasema kwa sauti ya kutaka kucheka. "Kweli imepita." Akaanza kutoka.

"Rudi," wifi akasema.

"Si imeshapita?"

"Hiyo ilikuwa ya springi." Wifi hakuwa ameishusha bunduki. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku alipolipangusa kopo kwa upindo wa khanga. "Bado moja, ya cherehani za baba."

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa nyumbani. Mume wangu hakucheka. Alisimama pale na rangi inamchuruzika mgongoni, akamtazama dada yake. Kisha akarudi kwenye simiti mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akageuka.